Magauni ya Bi Hajulikani

Usiku wa jana niliota nimesimama kwenye foleni ya jumba la makumbusho. Mbele yangu alikuwa mwanamke mmoja, na nyuma yangu lilikuwa gauni la harusi lisilo na mtu ndani. Lilikuwa limekuja peke yake. Liliniuliza kama foleni ya kuingia ni hii hii, nikaliambia ndiyo, likashukuru, likakaza mkanda.

Mlangoni pamebandikwa tangazo: MAONYESHO YA MAVAZI NA UWEZESHAJI WA MWANAMKE. KIINGILIO KITENDAWILI KIMOJA.

Nilifurahi. Wajukuu zangu wananijua. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa vitendawili mtu asinichezee.

Mlinzi wa mlango ni futi, ile ya kupimia nguo. Amesimama wima, wa manjano, na kofia ya ulinzi kichwani. Namba zake zinaanzia kwenye vidole vya miguu na kuishia mia moja na hamsini kwenye paji la uso.

"Kitendawili," anasema.

"Tega," anajibu yule mwanamke wa mbele yangu.

"Natembea mdomo wazi. Nikiufunga, nimeshakata."

Mwanamke anafikiri mpaka jasho linamtoka. Hapati. Futi anamwambia, basi nipe mji, kama ilivyo desturi. Mwanamke anampa Kilosa. Sasa sisi tulipokuwa watoto, ukishindwa ulitaja mji tu, mtegaji akajidai amekwenda huko akala akashiba, kisha akakupa jibu. Huyu Futi hakujidai. Aliikunja Kilosa mara nne, reli ikitokeza pembeni, akaitia kabatini na kufunga kwa ufunguo. Mwanamke aliambiwa jibu ni mkasi, akaingia ndani akiwa hana tena Kilosa.

Ikawa zamu yangu.

"Ina jicho moja na haioni. Asubuhi ina mkia mrefu, jioni hauna."

Nikamwambia sindano na uzi, na kama ana kingine kigumu zaidi alete. Akanipima mdomo kutoka pembe hadi pembe, akaandika kitu kwenye daftari, akanipisha.

Ndani kuna meza yenye kibao kilichoandikwa UWEZESHAJI. Nyuma yake imekaa pasi ya mkaa, inatoa moshi kidogo kila ikisema. Iliniuliza wanipe uwezo wa nini. Ikaongeza kwamba wengi asubuhi hiyo wameomba uongozi, na mmoja ameomba kuendesha meli, na vyote vimo stoo.

Nilifikiri. Nikasema magoti.

Pasi haikucheka. Ilivuta droo, ikatoa magoti mawili mazima, ikasema haya ni ya miaka thelathini, hayajapanda mlima bado. Nikatia sahihi. Yarudi kabla ya saa kumi na moja, ikasema, jumba linapofungwa. Nikayavaa pale pale, nikapanda ngazi bila kushika ukuta, na sikumwita Mungu hata mara moja.

Ghorofani ni barabara.

Ni barabara ya lami kabisa, yenye mitaro. Katikati anapita Wakati. Ni mama mnene aliyevaa raba nyeupe, anatembea wala hageuki. Nyuma yake magauni mapya yanakimbia, yanaangushana, kwa sababu yanatakiwa kwenda na Wakati na yeye hamngojei mtu. Kando ya barabara zimekaa nguo zilizopitwa na Wakati.

Sketi moja ya kengele ilikuwa imeketi juu ya jiwe inajipepea. Niliipa pole. Ikasema haina neno, huyo mama huwa anazunguka jumba zima na kurudi palepale. Amekwisha kuipita mara tatu, na mara mbili kati ya hizo alirudi kuichukua. Inangoja tu, na imejipiga pasi.

Chini ya kila nguo palikuwa na kikaratasi. Nikavaa miwani nikaanza kusoma.

Buibui la kwenda kupiga kura. Mshonaji: Hajulikani.

Sare ya muuguzi, ya pamba. Mshonaji: Hajulikani.

Kanzu ya kike, darizi ya shingoni miezi saba. Mshonaji: Hajulikani.

Nikasoma vikaratasi ishirini, vyote ni yeye. Nikasema moyoni, huyu Bi Hajulikani alikuwa fundi. Alikuwa na mikono mingapi? Na jina lenyewe si la kwetu, labda la huko visiwani. Nikaona aibu kwamba nimeshona nguo za kike Muheza zaidi ya miaka arobaini na sikuwahi kumsikia mwenzangu huyu.

Niliiuliza Sketi kama Bi Hajulikani bado yu hai. Ikasema yupo, yuko nyuma huko, lakini mgongo umemwisha.

Ndipo nikasikia sauti upande wa kushoto.

"Shikamoo, mama wa kambo."

Nikageuka. Lilikuwa gauni la khaki lenye mikunjo mbele na mfuko mkubwa ubavuni. Limesimama ndani ya kioo, halina kichwa, lakini nilijua linanitazama mimi.

"Marahaba," nikasema. "Ila kambo hiyo sijaielewa."

"Utaielewa," likasema Gauni. "Mbona magoti yako mapya na moyo ule ule?"

Hapa nisimame kidogo niwaeleze, maana bila hili ndoto haieleweki.

Gauni lile nalijua. Zamani, mwaka mmoja kijiji cha jirani kilipata trekta la ushirika, na aliyefaulu mafunzo ya kuliendesha akawa Bi Stamili, mwanamke pekee kati ya wanane. Kamati ikasema sawa, trekta ni lako, lakini hatutaki mwanamke wa suruali kijijini. Na kwa gauni mtu hawezi kupanda pale juu, labda atake kuonyesha watu mapaja. Wakajua wamemmaliza bila kumkataza.

Bi Stamili akaja kwangu. Nilikuwa na cherehani barazani, na kibao changu: BI ZAINA, FUNDI WA NGUO ZA KIKE. Nilimwambia haiwezekani. Gauni ni gauni na suruali ni suruali, nikamwambia, na mimi sina cha tatu.

Chini ya meza yangu alikuwepo Radhia, mdogo wake marehemu mume wangu, binti wa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kuokota pini kwa sumaku na kukata nyuzi. Siku ile aliendelea kuokota pini zake. Kesho yake nikamkuta ameshika khaki anaikata, na katikati ya miguu ameweka pande la nguo lililofichwa na mikunjo. Nikamwambia anaharibu kitambaa cha watu. Akaendelea.

Siku ya tatu Bi Stamili akalivaa. Akisimama, ni gauni kama la mwalimu wa shule ya Jumapili. Akiinua mguu kupanda trekta, ni suruali. Kamati ilizunguka lile trekta mara mbili ikitafuta kosa, haikuliona. Soko zima likasimama. Mtu wa gazeti akaja na kamera, akauliza fundi ni nani.

Nikasema, "Duka ni langu."

Sikusema uongo. Duka lilikuwa langu. Na Radhia alikuwa amesimama nyuma yangu na pini tano midomoni, hawezi kufungua kinywa asizimeze. Nilipigwa picha mimi. Wateja wakaja mpaka kutoka Korogwe, nikaongeza cherehani mbili. Radhia akaolewa Handeni. Tunasalimiana vizuri tu, sikukuu na misibani, yeye ananiita wifi na mimi namwita wifi. Habari ya gauni hatujapata kuigusa hata siku moja. Na mjukuu wangu Shufaa aliwahi kuandika insha darasani, Bibi yangu na gauni la trekta, akapata alama zote.

Basi. Tumerudi kwenye ndoto.

Nikasoma kikaratasi cha lile gauni. Gauni la kuendeshea trekta. Mshonaji: Hajulikani.

Ndipo nikamwona mwenyewe anakuja. Ni bibi mrefu aliyekunjika, anatembea pole pole kwa sababu amebeba begani nguo zote za jumba lile, hata zile zilizokuwa bado ndani ya vioo, kila moja imefungwa kwake kwa uzi. Akiinua mguu, magauni mia yanavutika.

Nilimwamkia na kumpongeza kwa kazi zake. Nikamwambia darizi ya ile kanzu sijaona mfano.

"Mwanangu," akasema Bi Hajulikani, "mimi sijashona hata kifungo. Sindano siwezi kuitia uzi, macho hayaoni. Watu wakisahau fundi, wananiandika mimi. Wakijua na kunyamaza, wananiandika mimi vilevile. Na nguo hizi zinakuja nyumbani kwangu zote, hazina pa kwenda."

Nilimuuliza anazifanyia nini. Akasema anazibeba. Hana kazi nyingine.

Akanieleza kwamba leo ni siku ya mwisho. Saa kumi na moja vikaratasi vyote vinabadilishwa, vinachapwa upya kwenye bati, na kikishachapwa kwenye bati hakifutiki tena. Nguo ambazo jina la fundi limepatikana zitamtoka mabegani. Zilizobaki atakwenda nazo.

Nilitazama saa ya ukutani. Saa yenyewe ilikuwa kifungo cha koti chenye matundu manne, na uzi ukipita tundu hadi tundu. Ilikuwa imebaki robo.

"Kitendawili," akasema Bi Hajulikani.

Nikajua kinakuja kipi. "Tega," nikasema, kwa sababu akikuambia kitendawili huwezi kusema kitu kingine.

"Nikisimama ni gauni, nikipanda ni suruali. Mmoja alinizaa, mwingine akapokea hongera. Aliyenizaa ni nani?"

Gauni ndani ya kioo likatulia. Hata Sketi kule jiweni ikaacha kujipepea.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema, "Lilishonwa dukani kwangu." Bi Hajulikani akasema hakuuliza wapi. Nikasema kitambaa kilikatwa kwa mkasi wangu. Akasema wala hakuuliza kwa kifaa gani.

"Umeshindwa? Basi nipe mji."

Nikasema Dar es Salaam. Akasema huo tumo ndani yake, nitamkabidhi akiwa amesimama wapi? Nikasema Mombasa. Akasema si yangu, nitoe mji ambao najua mlango wa mtu.

Nikatoa Pangani.

Pangani ikashuka kutoka darini, imetandazwa kama kanga mpya, mto ukiwa ndio pindo. Bi Hajulikani akaikunja, akaiweka juu ya mzigo wake. Palepale nikasahau ladha ya samaki wa kule, nikabaki najua tu kwamba kuna kitu nilikuwa nakipenda.

"Aliyenizaa ni nani?"

Nikatoa Lushoto. Ilikunjwa na baridi yake, na ukungu ukimwagika kwenye sakafu. Huko ndiko kwetu, nilizaliwa Bumbuli, na ilipokunjwa nilihisi masikio yamekuwa mepesi, kama mtu aliyevuliwa kilemba.

"Mama wa kambo," likasema Gauni, taratibu, "miji si mingi hivyo."

Nililiambia linyamaze, wakubwa tunazungumza.

Dakika tano zimebaki. Nikatoa Muheza.

Muheza ndiko ninakokaa. Ilikuja na machungwa yake yote, yakaviringika hadi miguuni mwa Wakati, naye akayaruka bila kupunguza mwendo. Nilimwona jirani yangu Bi Mwanaisha akikunjwa pamoja na uzio wake. Alinilalamikia, si kwa ukali, kwamba ningemwambia mapema angewafungia kuku. Nikaahidi kumwangalizia. Akauliza nitamwangalizia wapi. Bi Hajulikani akabana pindo la mwisho, na mimi nikawa sina kwangu.

Mgongo wake ulikuwa umekunjika zaidi. Sikuwa nimeona mpaka wakati huo. Miji niliyokuwa nampa ili nijiokoe yeye alikuwa anaibeba.

"Aliyenizaa ni nani?"

Umebaki mji mmoja ninaojua mlango wa mtu. Nikafungua mdomo. Handeni, nikataka kusema. Neno lilikuwa limekwisha fika kwenye meno.

Handeni ikatandazwa. Naiona barabara, naiona nyumba yenye mlango wa bluu, na barazani ameketi wifi yangu Radhia. Si yule binti. Ni Radhia wa sasa, mwenye mvi, miwani imefungwa uzi. Anapinda shuka. Midomoni ana pini tano zile zile.

Bi Hajulikani ameshika ncha mbili za mji. Anangoja niseme tu, akunje.

Radhia anainua macho ananitazama. Anajua kinachotaka kutokea, na hawezi kusema kwa sababu ya zile pini. Nikaona kwamba nikisema Handeni atakunjwa hivyo hivyo, kimya, mara nne, kama alivyokaa kimya siku ile. Na hapatakuwa na wa kumkunjua.

Saa ya kifungo inavuta uzi wa mwisho.

"Ni Radhia," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nilikuwa nimesema kama mtu anayeuambia mto wa kulalia. Nikasema tena, sasa kwa sauti ile niliyokuwa naitumia sokoni.

"Aliyelizaa hili gauni ni Radhia, wifi yangu. Mimi nilisema haiwezekani. Yeye alikuwa chini ya meza."

Bi Hajulikani aliachia ncha za Handeni. Mji ukarudi chini taratibu, kama shuka linavyotua kitandani. Barazani, Radhia akatoa pini midomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifundo cha kanga yake. Akajilamba midomo, kama mtu aliyekunywa maji baada ya safari.

Nikaambiwa kusema hakutoshi, vikaratasi vinachukuliwa sasa hivi. Futi alikuwa amekwisha kupanda ngazi anavikusanya. Mbele ya kioo paliandikwa USIGUSE, nikaliuliza Gauni nifanyeje. Likasema hilo tangazo ni la watu, halijasema kitu kuhusu sindano. Sindano ikajitokeza, ina jicho moja, imekwisha kutiwa uzi wa manjano. Uzi wenyewe niliutambua, Futi alikuwa amejifumua sentimita ya mwisho ya paji la uso akanipa. Alibaki sentimita mia moja arobaini na tisa na hakulalamika.

Nikapiga magoti yangu ya miaka thelathini mbele ya kile kikaratasi. Nikafumua Hajulikani, herufi kwa herufi. Mahali pake nikashona jina la wifi. Uzi ulitosha herufi tano na fundo, ukaisha hapo.

Saa ikagonga.

Gauni la khaki likamtoka Bi Hajulikani begani. Nilisikia uzi ukikatika, tak. Akanyooka kidogo, upana wa kidole.

Sasa yule mwanamke asiye na Kilosa alikuwa amesimama karibu, kumbe alikuwa anatazama muda wote. Akaisogelea ile sare ya muuguzi, akaishika pindo, akasema kwa woga kwamba hii mikunjo ya bega anaijua, ni ya shangazi yake Tatu. Tak. Nyuma yake lile gauni la harusi la kwenye foleni likainua mkono mtupu. Likasema lenyewe lilishonwa na mama wa bi harusi, aliyekuwa haoni jicho moja, na jina lake lilikuwa Fihiri. Tak. Watu wakaanza kutaja. Mama zao, dada zao, jirani wa pale kwenye kona. Mmoja alitaja baba yake, watu wakamtazama, akasema ndiyo, baba, alikuwa akishona ndani akifunga mlango. Tak, tak, tak, jumba zima likalia kama mvua ya mwanzo kwenye bati.

Futi akawa anaandika mpaka mkono ukamuuma. Bati lilisubiri, na hakuna aliyeuliza saa ni ngapi.

Bi Hajulikani akasimama wima. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani, kichwa chake kilifika kwenye feni. Miji yangu ilimteleza kwapani ikaanguka na kujikunjua yenyewe. Lushoto ikapanda juu, Pangani ikatafuta bahari, Muheza ikarudi na kuku wote wa Bi Mwanaisha wakihesabika. Kabati la kule chini likapasuka na Kilosa ikatoka na treni yake.

Nguo hazikumwisha zote, nisiwadanganye. Zilibaki kumi na mbili hivi, za zamani mno, zisizo na mtu wa kuzitaja. Akaziweka kwenye mkono mmoja. Akasema hizi anaziweza, ni za kutembea nazo.

Nilimuuliza sasa atafanya nini. Akatazama mikono yake, ule wenye nguo na ule mtupu.

"Nitajifunza kutia uzi," akasema. "Mkono mmoja huu haujawahi kufanya kitu."

Akanigeukia. "Haya. Kitendawili."

"Tega," nikasema.

Lakini Pasi ilikuwa nyuma yangu, inafuka moshi, imeshika ile karatasi niliyotia sahihi. Imepita saa kumi na moja, ikasema, na sheria ni sheria. Ikayachukua magoti. Nikashuka chini kama gunia la mahindi, na maumivu yaliponipata nikafumbua macho.

Nilikuwa kitandani kwangu, Muheza. Kumekucha, jua liko dirishani, kuku wa Bi Mwanaisha wanapiga kelele zao. Nikajisemea ni ndoto, ni yale maharage niliyokula usiku.

Simu ikaita. Ni wifi, kutoka Handeni. Yeye hunipigia msiba tu, kwa hiyo nilipokea huku natafuta kanga ya kujifunika kichwa. Nikamuuliza nani katutoka. Akasema hakuna. Hakunipa shikamoo, na haijapata kutokea.

Aliniambia ameamka akaona kwenye foronya yake, pembeni, pameshonwa jina. Uzi wa manjano. Jana usiku halikuwepo, foronya ameifua mwenyewe. Akasema mshono anaujua ni wa nani, hakuna mwingine duniani anayevuta uzi hivyo mpaka kitambaa kinakunja uso.

Nikamuuliza ni jina gani.

"Langu," akasema. "Lakini wifi, umeniandika kwa z. R, A, Z, I, A. Z ni ya kwako, Zaina. Mbona unanigawia?"

Ni kweli. Ndivyo nilivyokuwa nikimwandika siku zote, hata kwenye kadi za Idi. Sisi wa Bumbuli ile dh ya watu wa pwani haikupanda mlima na sisi. Hata karatasi hizi mnazosoma nilianza kuandika hivyo hivyo, nimerudi nyuma nikasahihisha kila mahali.

Alikuwa bado anangoja kwenye simu. Namsikia anapumua. Niliketi kitandani nikashika magoti yangu haya mabovu, nikaulazimisha ulimi mpaka katikati ya meno, pale pale ambapo yeye alikuwa na pini.

"Niwie radhi, wifi," nikasema.

Nikamsikia anacheka puani.

"Umeona?" akasema. "Kumbe dh unaiweza."